Shahidi wa Jikoni

Kitale
12 Februari 2023

Kwa Mama mkwe wangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeketi mahali penye jua, na ile nyonga iwe imepatana na baridi ya asubuhi. Mimi sijambo, ila kitambi kimenitangulia kuingia uzeeni. Mjukuu wako Gladwell alipiga simu kutoka Nakuru, akasema mwambie bibi yangu, Kukhu, kazi ni nzuri na mchumba bado, kwa hivyo usianze kunenepesha jogoo.

Dukani ni msimu wa mbegu. Watu wananiuliza wapande aina gani, nami nawaambia ile iliyowapa mahindi mwaka jana. Wanaondoka wakisema Mukhwana ana hekima.

Sasa nifike kwenye neno. Jumatano aliingia mwanamume mmoja amevaa tai. Nikajua huyu ana shamba kubwa. Nikamsifia mbolea ya kupandia mpaka mate yakakauka. Alipopata nafasi akauliza kama mimi ndiye Mukhwana, nikasema ndiye, na bei tunaweza kuongea. Akanipa bahasha. Wateja wakiwa hapo hapo, Mama. Nekoye amefungua kesi ya talaka katika korti ya Bungoma.

Sitakuuliza kama ulijua. Mnakaa nyumba moja, na mama si mpelelezi wa mwanawe. Lakini kuna neno moja katika zile karatasi limenikaba. Ati nilimtelekeza.

Wewe unajua alivyokuja huko. Ulianguka kisimani ukavunjika nyonga, Nekoye akaomba uhamisho kutoka shule ya hapa Kitale hadi ile ya karibu na Chwele, akuuguze. Tulisema ni kwa muhula mmoja. Miaka minne sasa. Na mimi nilikuja kila Jumamosi na pikipiki yangu, mvua, jua. Jioni nilirudi, kwa sababu mkwe halali chini ya paa la mama mkwe. Hata kiti cha sebuleni kwako mimi nakikalia nusu. Huko ndiko kutelekeza?

Nilienda kwa wakili. Anaitwa Chepkirui, mama wa kutoka Kapsokwony, ofisi yake iko juu ya mafundi wa cherehani, na anaongea polepole kama mtu anayepima maneno kwenye mizani. Akaniambia njia ni mbili. Ya kwanza, nisipinge. Nekoye atasimama peke yake mbele ya hakimu, ataeleza, na mambo yataisha bila vumbi. Ya pili, nipinge. Nijibu kwa maandishi, mashahidi waitwe, wa kwangu na wa kwake, na hapo tunaweza kupanda na kuvuna mara mbili au tatu kabla hatujaisikia hukumu. Nikamwambia hata chai sijamaliza, andika napinga.

Akauliza nani alikuwa akiniona nikija. Nikafikiri. Mzee Wakoli, baba mkwe wangu, ametuacha. Majirani waliona pikipiki tu. Mbwa wako ananijua, lakini hataapishwa. Nikamwambia nina shahidi mmoja, ila hajawahi kuniona. Wakili akaweka kalamu chini. Nikamweleza kwamba mimi na wewe hatutazamani usoni, wala kupeana mkono, wala kukaa chumba kimoja. Akasema hata kwao mlimani heshima hiyo wanaijua, lakini hajawahi kuona ikiingia kortini.

Ndilo ombi langu, Mama. Uje useme nilikuwa nakuja. Najua namwomba mzazi asimame upande wa pili wa mtoto wake, na najua tutakuwa chumba kimoja, wewe kizimbani, mimi kwenye benchi. Nilipendekeza nivae kofia niishushe mpaka puani. Wakili anasema kortini kofia huvuliwa. Basi nitatazama ukuta.

Barua inaletwa na Phelista wa vitunguu, kama kawaida. Unijibu kupitia kwake.

Mkweo,
Mukhwana


Kabuchai
26 Februari 2023

Mkwe wangu,

Salamu zako zimefika, na jua nimelipata. Nyonga inanikumbuka mvua ikikaribia tu, imekuwa kama nabii. Ng'ombe wazima. Mahindi ya mwaka jana bado yamo ghalani, panya wameyaonja wakayaona mazuri. Mwambie Gladwell jogoo alishanenepa, asinilaumu.

Barua yako nimeisoma nikiwa ghalani, kwa sababu Nekoye alikuwa uani akipepeta maharagwe. Ndiyo, nilijua. Aliniambia siku moja tukichambua mboga, bila kuniangalia, kama mtu anayesema chumvi imeisha. Sikumwuliza sana. Mtoto akiwa na nywele nyeupe huwezi kumwambia weka hicho chini.

Umenichekesha na kofia yako. Nikakumbuka siku ya soko Chwele, mlikuwa hamjamaliza hata mwaka katika ndoa. Nilikuwa nimeinama nachagua viazi vitamu, nikasikia kicheko chako upande wa pili wa meza. Nilikijua kabla sijainua macho. Nikakimbilia kwa muuza mitumba, nikajificha katikati ya makoti yaliyotundikwa. Yule mtu akaona amepata mteja, na mteja mwenyewe ndiye mimi! Akanivika koti moja akisema limenikaa, nami nikiogopa kujibu kwa sauti. Nilirudi nyumbani bila viazi, nina koti la mwanamume. Mzee Wakoli alilivaa miaka mingi. Kila aliposifiwa alisema, hili nilinunuliwa na mkwe wangu bila yeye kujua.

Yeye ndiye alikuwa mdomo wetu. Neno langu alilitoa jikoni akalileta sebuleni, na lako akalirudisha, njiani akilitia chumvi. Alipokufa nikaona nitanyamaza mpaka lini? Ndipo nikaanza kukuandikia. Gladwell aliniambia nipige simu, nikakataa. Simu ni sauti ndani ya sikio, kama mtu amekuja kukaa ukingoni mwa kitanda. Karatasi ina adabu.

Kuhusu ombi lako, sijasema ndiyo na sijasema la. Wazee wa huku walikaa, wakasema korti iseme inavyotaka, ng'ombe wako wa mahari hawarudishwi penye mtoto. Lakini hao wanaongea juu ya ng'ombe.

Mimi nataka kujua jambo moja kwanza. Umenieleza ile njia ya kupinga kwa kirefu, hii nyingine umeipita mbio. Ukiifuata hiyo, unapoteza nini? Niandikie vizuri, na usinitanie.

Ni mimi,
Mama mkwe wako Nakhumicha


Kitale
12 Machi 2023

Mama mkwe wangu,

Shikamoo nyingi, na asante kwa habari ya lile koti. Miaka yote niliyomwona Mzee nalo kanisani nilifikiri alinunua Nairobi! Sasa najua nina haki ya mkono mmoja wake.

Hapa mvua imeanza. Wale walionunua mbegu mapema wanapita wakitembea kama machifu, waliochelewa wanapanga foleni mpaka barabarani. Mimi nipo katikati nikipeana magunia, mgongo unalia.

Umesema nisikutanie. Nitajaribu, ingawa ni kama kumwambia kuku asichakure.

Nilirudi kwa Chepkirui, nikamwuliza swali lako vile vile. Akanieleza. Nisipopinga, karatasi zitakaa kama zilivyo, na lile neno la kutelekeza litabaki humo. Hakuna atakayeliondoa kwa niaba yangu. Hakimu atamsikiza Nekoye, akiridhika kwamba ndoa imevunjika atatoa amri ya kwanza, kisha baada ya muda ya mwisho. Mali ni kesi nyingine, na sisi hatugombanii mali. Nyumba ya Kitale ni ndogo, hata mimi peke yangu naigonga magoti. Nikipinga, nitapata nafasi ya kusema upande wangu, na nikishinda, hakimu anaweza kukataa kuivunja ndoa.

Halafu akaniuliza, "Mzee Mukhwana, ukishinda utakuwa umeshinda nini?"

Nikamjibu jina langu. Mimi ni mzee wa kanisa, nauza mbegu kwa nusu ya wilaya, mtu akisema neno juu yangu linaota. Akaandika. Halafu akaendelea kuniangalia, nami nikamtania kwamba angekuwa daktari wa meno watu wangefungua midomo wenyewe. Hakucheka.

Mama, wewe nitakuambia lililobaki. Kesi ikiendelea, yeye bado ni mke wangu. Kila ikitajwa itabidi aje Bungoma, nami nitakuja. Tutakaa benchi moja pale nje tukingoja kuitwa, kama zamani tulipongoja Gladwell achanjwe, yeye amepakata mtoto, mimi nimepakata viatu vya mtoto. Nimeshapiga suti pasi. Unaona jinsi nilivyo mjinga? Watu wanaomba kesi ziishe, mimi naomba iahirishwe.

Wakili ameingiza karatasi ya kusema nimepokea mashtaka, kwa hivyo tuna nafasi kidogo. Lakini anataka maelezo ya shahidi wangu kabla ya Pasaka. Ukikubali, karani wake atakuja huko akuandikie. Usipokubali sitakasirika. Nitatafuta namna ya kumwapisha mbwa.

Mkweo,
Mukhwana


Kabuchai
26 Machi 2023

Mkwe wangu,

Mungu akulinde wewe na mgongo wako. Huku tumepanda, tunangoja. Nekoye ameenda mazishini Sirisia, nyumba iko kimya, ndiyo maana mwandiko wangu leo umenyooka.

Nimekubali. Nitakuja. Umeomba haki, na mimi nilikusikia ukija, siwezi kusema sikusikia.

Lakini umeniambia shahidi huulizwa na wakili wa huku na wa kule. Basi nimekaa nikajiuliza mwenyewe, ili siku hiyo nisibabaike. Nikuandikie nitakayojibu.

Nikiulizwa kama ulikuwa ukija, nitasema alikuja, hata siku mto Kuywa ulipofurika alizunguka njia ya mbali akafika amelowa mpaka soksi.

Nikiulizwa kama nilikuona, nitasema la, nilimsikia. Jiko langu limeegemea sebule, na kati ya ukuta na paa kuna nafasi ya moshi kupita. Panapopita moshi na maneno hupita. Mimi nimekaa pale tangu ulipokuja kuposa.

Na nikiulizwa nilisikia nini, mkwe wangu, hapo ndipo nilipokaa muda mrefu.

Zamani mlipokuja Krismasi na Gladwell bado wa kubebwa, nilikuwa nikisonga ugali nasikia vicheko viwili. Wewe unaanza, Nekoye anafuata, na yeye akianza hajui kufunga. Mimi nami nacheka peke yangu motoni, wala sijui mnacheka nini. Mzee Wakoli alikuwa akisema nyumba hii ina wendawazimu watatu, mmoja tumemficha jikoni. Hizo ndizo zilikuwa sikukuu zangu. Mpaka leo nikisonga ugali mwingi huwa nazisikia.

Miaka hii minne nimesikia kicheko kimoja.

Kuna Jumamosi moja, nyonga ilikuwa imeshapona, naenda kisimani mwenyewe. Nilimsikia akikuuliza, "Baba Gladwell, muhula huu ukiisha nirudi Kitale?"

Ukamjibu, "Urudi ufanye nini na baridi ile? Mimi mwenyewe nikipata wa kuniuguza nitakimbia nije huku."

Ukacheka. Nikasimamisha mwiko nikingoja cha pili. Ugali ukashika chini nikingoja. Ulipoondoka nilimwambia, mwanangu, mimi nimepona, nenda kwako. Akasema, "Hajaniita."

Akauliza tena, si mara hiyo tu. Kila mara kulikuwa na kichekesho, na vilikuwa vizuri, siwezi kusema uongo. Kimoja cha yule fisi wa Kapenguria nilikicheka mpaka nikauma kitenge. Baadaye akaacha kuuliza. Nikawa nasikia vikombe tu.

Mimi sikuandikii haya kukulaumu. Najua ulivyo. Ulipokuja kuposa ulitania wazee wetu mpaka wakasahau kukutoza faini ya kuchelewa, na mimi nikamwambia Mzee, huyu mwenye kicheko ndiye. Lakini nitaapa kwa Biblia, na nikiapa nitasema yote mawili, ulivyokuja na ulivyojibu. Siwezi kuleta nusu.

Sasa chagua wewe. Ukinihitaji, nitavaa kitenge changu cha akina mama wa kanisa, na wewe utatazama ukuta kama ulivyoahidi.

Mama mkwe wako,
Nakhumicha


Kabuchai
18 Juni 2023

Mkwe wangu,

Natumai u mzima. Pasaka imepita, karani hakuja. Phelista anasema duka liko wazi na wewe unauza, ila siku hizi unarudisha chenji bila hadithi, na wateja wamegundua.

Mahindi shambani yamefika kifuani. Nyonga haina neno.

Ijumaa Nekoye alirudi kutoka kwa wakili wake Bungoma. Akasema umeandika kwamba hupingi. Nilifikiri atafurahi. Aliketi mlangoni na viatu vyake vya shule mpaka ng'ombe wakarudi wenyewe kutoka malishoni. Kisha akaniuliza kama nadhani wewe unakula vizuri.

Mimi sijamwambia habari ya barua zetu. Nataka kujua tu kama nilikukata kwa maneno yangu, au ni shughuli. Kama ni shughuli, sema. Kama nilikukata, sema pia.

Mama mkwe wako,
Nakhumicha


Kitale
5 Novemba 2023

Mama,

Nisamehe kwa ukimya. Natumai mavuno yamekupendelea na panya wamekubakizia. Hapa tunavuna, barabara zimejaa matrekta, na kila mtu ana vumbi la mahindi kwenye nyusi. Mimi ni mzima. Nakula. Napika mwenyewe, kwa hivyo nakula kwa heshima ya chakula tu, si kwa ladha.

Ulinikata, ndiyo, lakini kwa kisu kisafi. Barua yako ya Machi niliisoma dukani, nikawaambia wateja nimeishiwa mbegu na magunia wanayaona pale nyuma yangu. Kesho yake nikapanda ngazi kwa Chepkirui. Nikamwambia shahidi wangu amekubali kuja na kusema kila kitu. Akafurahi, akavuta karatasi. Nikamwambia ndiyo maana hatupingi tena. Aliniangalia, akairudisha ile karatasi polepole, na kwa mara ya kwanza akanimiminia chai kwa mkono wake.

Kesi ilisikizwa mwezi wa Agosti. Wakili alisema si lazima niende. Nikaenda. Nilikaa benchi la nyuma kabisa na suti yangu iliyochoka kungoja. Nekoye alisimama na ile sketi yake ya rangi ya udongo. Alieleza kwa ufupi, sauti yake ni ile ile ya kusoma majina ya wanafunzi asubuhi. Hakimu akapitia karatasi, akafika kwenye lile neno. Akamwuliza kama ni kweli mume wake alimtelekeza.

Mama, Nekoye aliinua kichwa akamjibu.

"Alikuwa anakuja kila Jumamosi," akasema.

"Sasa alikutelekeza vipi?"

"Alikuwa anakuja kama mgeni, mheshimiwa. Tunamkaribisha, anatufurahisha, anaenda."

Hakimu akaandika. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe, ambaye hucheka hata mazishini nikijifunika kwa leso, nilikuwa nimeshika goti. Neno lake lilikuwa sawa kuliko yote niliyomlipa wakili aniandikie.

Nje tulikutana kwenye ngazi. Nikamwambia kuna hoteli hapo ng'ambo, chai yao ni mbaya lakini ni moto. Tukaenda. Nilikuwa na kichekesho kizuri mdomoni, juu ya yule mwanamume wa tai aliyeniletea bahasha. Nikakimeza pamoja na mandazi. Nikamwuliza anataka kufanya nini sasa. Akaniambia anataka kuhamia Bungoma mjini, na kwamba angependa kujifunza kuendesha gari. Tangu lini, nikauliza. Akasema tangu Gladwell akiwa darasa la tatu. Nilikuwa sijui, Mama. Tuliongea mpaka chai ikapoa, na tulipoachana alinipa mkono kama mwalimu anavyompa mzazi aliyekuja mkutanoni.

Amri ya mwisho imetoka wiki iliyopita. Kwa hivyo sisi si mke na mume tena kwa sheria. Na nimekaa nikapiga hesabu ya kijinga, unanijua: kama mimi si mume wa Nekoye, basi wewe si mama mkwe wangu. Na kama si mama mkwe wangu, hakuna kinachotuzuia. Nimekuandikia miaka yote hii na sijui uso wako. Najua kisogo chako kikiingia jikoni na kitambaa cha maua ya manjano. Nitakuwa Chwele siku ya soko kabla ya Krismasi. Ningependa kuja mbele yako mchana, watu wakiona, nikupe mkono na kukusalimu kama watu wengine wanavyosalimiana. Hicho ndicho kitu kimoja ambacho korti imenipa, nisingependa kipotee.

Ukikataa nitaelewa.

Aliyekuwa mkweo,
Mukhwana


Kabuchai
31 Desemba 2023

Mkwe wangu,

Nakusalimu mwaka ukiwa mlangoni unavaa viatu. Krismasi ilikuwa njema. Gladwell alikuja, jogoo akaliwa bila mchumba. Nekoye amepata nyumba Bungoma karibu na shule yake mpya, na ameanza kuendesha gari la mafunzo. Ameshagonga ua mmoja. Ananisimulia habari ya ua huo anacheka mpaka anashindwa kumaliza, nikasema kumbe kicheko chake bado kipo.

Sikukujibu ile ya Novemba kwa sababu nilikuwa nimeamua nikujibu kwa mkono. Nilifua kitenge cha kanisa. Siku ya soko nilienda mapema, nikaketi kando ya Phelista na vitunguu vyake, nikamwambia nikimwona mtu fulani nitasimama, wewe usishangae.

Phelista akaninong'oneza kwamba ni wewe, nikakuona. Ulisimama kwa muuza kamba, ukawa unaangalia huku na kule kama mtu aliyepoteza mbuzi. Nilikutazama vizuri sana, mkwe wangu, nikashibisha macho yangu. Kitambi ulichokitaja kipo. Una mvi nyuma ya masikio. Nilijiambia, Nakhumicha, simama, wewe si wa kwanza kusalimia mwanamume sokoni. Nikasimama kweli. Nikapiga hatua kukujia. Ukaanza kugeuka upande wangu, na miguu hii, pamoja na nyonga yake, ikanichukua mbio ambazo sijakimbia tangu nivunjike. Phelista anasema niliruka gunia. Nilijikuta nyuma ya banda la mahindi, nimejifunika kichwa na kitenge, napumua kama ng'ombe.

Nilikaa pale nikikusikia unamwuliza Phelista kama nimekuja. Naye, Mungu ambariki, akasema nimeumwa. Sikuumwa.

Nikarudi nyumbani nikijiuliza ni kwa nini. Nimewapa mkono wauza sabuni, wagombea wa kura, hata yule aliyekuja kutukatia stima. Mkono ni kitu ninachowapa watu baki. Wewe sijawahi kukupa, na sioni kwa nini nianze leo.

Ati korti imesema. Korti imesema juu yako na Nekoye, na sawa, wao walikuwa wawili, wakakubaliana. Mimi hakuna mwanamume wa tai aliyeniletea bahasha. Hakuna hakimu aliyeniuliza. Ukitaka kuachana na mimi itabidi upande tena ngazi za Chepkirui ufungue kesi nyingine, na hiyo, mkwe wangu, nitaipinga. Nitaleta mashahidi, na nitahakikisha inaahirishwa mpaka nife.

Usiniandikie tena ile "aliyekuwa". Nimeikata kwa kalamu.

Nekoye huja Jumapili. Jumamosi hapa hakuna mtu, na mimi peke yangu siwezi kula ugali nikaumaliza. Njoo. Mlango wa mbele utakuta umeegeshwa, kiti ni kile kile, na safari hii kikalie chote. Chakula utakikuta mezani. Mimi nitakuwa jikoni.

Mama mkwe wako,
Nakhumicha